Farasi Tisini na Sita

Mtaa mzima ulimwita Bi Gia. Gari lake lilikuwa Pijo nyeupe, 504, ile ya gia kwenye usukani, na kila alipofika kwenye kona ya duka la vioo watu majumbani mwao walisimamisha vikombe vya chai hewani wakasema, "Huyo anatia ya pili." Si kwamba gia zilikuwa zikilia. Thubutu! Gia za kulia ni za watu wasiojua kazi. Ilikuwa injini tu, inashusha sauti, inameza mate, halafu inaendelea na safari yake kama mtu mzima aliyetukanwa na watoto njiani.

Kazi yake ilikuwa kupeleka maharusi. Amewapeleka wanene na wembamba, wanaolia na wanaocheka, na mmoja aliyebadili mawazo njiani, akarudishwa kwao bila kuulizwa neno. Wengi wa wale maharusi sasa ni mama watu wazima, na wakikutana naye sokoni humwita "dereva wangu" kwa sauti ya mapenzi kabisa. Yeye huwajibu, "Bado uko na mumeo, au nije nikurudishe kwenu?" Hapo soko zima hucheka.

Mwenyewe aliolewa mara moja. Mume alimwambia achague, usukani au yeye. Akachagua usukani, kwa maana usukani haujawahi kumuuliza jana alichelewa wapi.

Kazi hiyo aliirithi kwa baba. Mzee hakuacha shamba wala ghorofa. Aliacha nyumba yenye uwanja wa zege nyuma, ukuta, geti la chuma, mke mmoja na magari mawili, Pijo na Benzi. Siku za mwisho aliwaita watoto wake wawili, binti mkubwa na mdogo wake wa kiume, akawaambia, "Magari ni yenu wawili." Akafumba macho. Lipi la nani, hakusema. Wazee wetu bwana! Wanakwenda zao katikati ya sentensi, sisi tunabaki kuimalizia kwa magomvi.

Huyo mdogo wa kiume waliyemwita Bosi, hilo jina alilianza utotoni. Baba akiosha magari, yeye alikuwa anapanda kiti cha nyuma, anakunja nne, anasema, "Dereva, twende." Dada yake ndiye aliyekuwa dereva, akinguruma kwa mdomo. Miaka ikapita, wakakua, lakini ukiwatazama vizuri utaona mchezo haukuisha. Bosi ndiye aliyepokea wateja, Bosi ndiye aliyekaa na simu, Bosi ndiye aliyepiga picha karibu na magari akiwa amevaa miwani. Dada aliendesha.

Baba aliwafundisha wote wawili kwenye Pijo. Bosi alijaribu kwa majuma machache. Mkono wa gia ulikuwa umeshachakaa viungo tangu enzi hizo, na ulitaka mtu wa subira, hasa kwenye rivasi. Unauvuta kuelekea kifuani, unauinua kidogo, unakanyaga klachi mara mbili, halafu unangoja ukubali wenyewe. Ukiulazimisha, unashika gia mbili kwa mpigo na gari linagoma palepale, haliendi mbele wala nyuma. Bosi aliulazimisha. Kila siku aliulazimisha. Mwisho akasema gari lenyewe la kizee, akahamia Benzi yenye gia chini kama magari ya watu, na tangu hapo hakukalia tena kiti cha dereva cha Pijo.

Dada akabaki. Akafundishwa pia kuliegesha. Baba alitaka Pijo iingizwe pembe ya mwisho ya uwanja, pua karibu iguse ukuta, kule ambako zege linateremka kuelekea mfereji wa maji ya kuoshea. Binti alilalamika kwamba kila asubuhi itabidi aanze siku kwa rivasi ya kupanda. Mzee akacheka. "Ndiyo maana," akasema. "Mwizi hana muda wa kutafuta rivasi." Bi Gia aliegesha hivyo maisha yake yote, hata baada ya mzee kuondoka, hata watu walipomwambia mama wewe unajitesa bure.

Sasa sikiliza balaa lilivyoanza.

Jioni moja walikuwa barazani, wao wawili na mama yao, mzee wa watu aliyekuwa akisikia vizuri kile tu alichotaka kusikia. Bosi akakohoa. Ukiona mtu anakohoa na hana mafua, jua kuna jambo.

"Nimepata mnunuzi wa Pijo," akasema. "Yule wa vyuma chakavu. Atalikata auze vipuri. Pesa zitakazopatikana zinaingia kwenye Benzi. Viti vipya, rangi mpya, ing'ae. Tubaki na gari moja la maana."

Bi Gia alikuwa akichambua mchele. Mkono ukasimama.

"Na mimi?"

"Wewe dada upumzike. Umri umekwenda. Benzi nitaendesha mwenyewe."

Hilo ndilo lilikuwa lenyewe. Viti na rangi vilikuwa maneno ya juu juu tu. Mwanamke aliyeshika usukani tangu nywele zake zikiwa nyeusi anaambiwa akae barazani achambue mchele mpaka afe. Bi Gia akaweka ungo chini polepole, maana angeuweka kwa haraka ungeruka.

"Pijo haiuzwi," akasema.

"Dada, tuongee kitaalamu." Bosi akatoa simu, akavaa miwani, akaanza kusoma kama mtu anayesoma hukumu. "Ukubwa wa injini. Benzi, cc elfu mbili mia mbili tisini na tisa. Pijo, elfu moja mia tisa sabini na moja. Nani mkubwa?"

"Benzi."

"Nguvu za farasi. Benzi, mia moja thelathini na sita. Pijo, tisini na sita. Unawasikia hao farasi?"

"Nawasikia. Endelea."

"Mwendo wa juu kabisa. Benzi, kilomita mia na themanini kwa saa. Pijo, mia na sitini na kitu."

"Sasa bibi harusi gani huyo anapelekwa kwa mumewe kwa mwendo wa mia na themanini? Anakimbizwa na nani?"

Mama yao akafunika mdomo kwa kiganja. Bosi akajifanya hakuona.

"Kutoka kusimama mpaka mia, Benzi inatangulia kwa sekunde mbili hivi. Halafu mafuta. Kwenye Benzi yanaingia kwa sindano, mambo ya kisasa. Pijo bado ina kabureta."

"Kabureta yangu ikiziba nafungua kwa bisibisi, napuliza kwa mdomo, naendelea na safari. Hizo sindano zako zikiziba utazipuliza na nini? Na mbona uzito umeuruka? Hebu soma uzito."

Bosi akausoma kwa sauti ya chini. Benzi ilizidi kwa zaidi ya kilo mia.

"Basi," Bi Gia akasema, "hao farasi wako wa ziada nusu yao wanabebana wenyewe. Sikia wewe. Sijakataa. Kwa namba Benzi ni kubwa, Benzi ina nguvu, Benzi ina jina. Lakini bura yangu sibadili na rehani. Umenielewa?"

"Dada unang'ang'ania nini? Kizuri chajiuza!"

"Ndiyo maana nakuona unahangaika kutafuta mnunuzi?"

Wakarushiana maneno mpaka majirani wakapunguza sauti za redio ili wasikose. Ndipo mama akapiga mkongojo wake sakafuni. Akasema amechoka, akasema watapimana mbele ya watu, gari litakaloshinda libaki na lingine liende, na yasisikike tena maneno nyumbani kwake. Fundi Spana wa gereji ya jirani awe mwamuzi, kwa kuwa alishawahi kufungua injini zote mbili na hana upande.

Fundi Spana akakubali. Yeye ni mtu wa maneno machache, na hayo machache huyatoa kichwa kikiwa chini ya boneti. Akapanga vipimo viwili. Cha kwanza, barabara mpya ya lami. Cha pili, kilima cha tangi la maji, njia ya mawe na makorongo, na nusu ya maharusi wa mji kwao ni huko juu. Akasema kilimani magari yapande moja baada ya lingine, yakibeba mzigo sawasawa. Wakatafuta mzigo ulio sawa kwa magari yote mawili, ikaonekana hakuna kipimo bora kuliko mashangazi watatu, wale wale, wakitoka gari hili wapande lile. Shangazi mkubwa alisema yeye si mzigo wa mtu. Alipoambiwa atakaa mbele, akakubali.

Jumapili asubuhi wakaenda kwenye lami. Hapa sitakudanganya, wala Bi Gia mwenyewe hajawahi kudanganya. Alikula vumbi. Bosi alipobonyeza, Benzi ilijikusanya na kuondoka, na baada ya muda Bi Gia alikuwa anaona taa za nyuma tu.

"Mwanangu, kanyaga!" mashangazi wakapiga kelele kando ya barabara.

"Nimekanyaga, shangazi! Hapa nilipofika ni mwisho wa bati!"

Alifika mwishoni, mashavu yakimwaka. Iliuma. Anayekwambia kushindwa na mdogo wako hakuumi, huyo hana mdogo. Bosi alikuwa ameshashuka, ameegemea boneti, anajipepea kwa gazeti.

"Umetoka wapi, dada? Ulipitia sokoni?"

"Mbio za sakafuni huishia ukingoni," Bi Gia akajibu. "Twende kilimani."

Sasa kuna jambo Bosi alilifanya mwaka uliotangulia ambalo kila fundi alimkataza. Alikata springi za Benzi. Alitaka gari lilale chini, tumbo karibu na ardhi, kwa sababu picha zinatoka nzuri gari likilala. Fundi Spana alimwambia, "Unaikata miguu." Akajibiwa fundi hajui mambo ya picha. Gari la watu lililotengenezwa lipite popote, yeye akaligeuza la kupita kwenye zulia. Sikio la kufa halisikii dawa.

Benzi ilianza kupanda ikiwa na mashangazi wote watatu. Jiwe la kwanza ikalikwaruza. La pili ikalikalia. Kwenye korongo la kwanza ikasikika sauti ya kitu kinachoburuzwa, kisha mlio kama wa mashine ya kusaga, na ekzosi nzima, lile bomba la moshi, ikabaki imelala njiani nyuma yao. Mashangazi wakashuka wameziba pua, mmoja akiwa amesahau kiatu ndani. Injini ilikuwa nzima kabisa, farasi wote mia moja thelathini na sita wapo, ila hawana pa kukanyaga.

Wakahamia Pijo. Bi Gia akatia ya kwanza, akaondoka. Kwenye mawe lile gari lilikuwa linainuka upande mmoja na kushuka upande wa pili, polepole, magurudumu yakiifuata ardhi huku abiria wakiwa wametulia. Akatia ya pili. Wale waliokuwa wakichota maji kwenye tangi walisimama kutazama. Shangazi mkubwa, aliyekuwa amejishika kwa mikono miwili, akaachia mmoja akarekebisha kilemba. Walipofika juu Bi Gia alizima injini, akaweka paji la uso kwenye usukani, akacheka peke yake mpaka machozi yakamtoka.

"Sare, moja kwa moja," Fundi Spana akatangaza waliporudi uwanjani. "Kimebaki cha kuamua. Haya ni magari ya harusi, basi wapimane kwa mwendo wa harusi. Shangazi ashike kikombe kilichojaa maji pomoni, gari litambae toka duka la vioo mpaka getini hapa. Atakayemwaga, gari lake liende."

Bosi akatazama kikombe, akamtazama shangazi, akakitazama tena kikombe. Alijijua. Mguu wake kwenye klachi ulikuwa mzito, na maharusi waliobahatika kupelekwa naye walifika shela zimewarukia usoni kwa kurushwarushwa.

"Hicho hatukukubaliana," akasema. "Vilisemwa vipimo viwili. Mimi nimeshinda kwa mwendo, na mwendo ndio gari. Ekzosi ni bahati mbaya tu."

Akaingia ndani kwa mama, akafunga mlango. Alichosema huko Mungu anajua. Alipotoka mama alikuwa nyuma yake, hamtazami binti yake usoni.

"Mwachie mdogo wako," mama akasema. "Yeye ndiye mwanamume wa nyumba hii. Wewe ni mkubwa, na mkubwa ni jalala."

Mashangazi wakainamisha vichwa. Fundi Spana akaanza kufuta spana iliyokuwa safi.

"Mama," Bi Gia akasema, na sauti ilimtetemeka ingawa hakutaka itetemeke, "nimekuwa jalala tangu siku uliyomzaa huyu. Nimepokea kila alichotupa. Leo limejaa."

"Unanijibu mimi hivyo?"

"Nakujibu wewe, mama. Na radhi naiomba hapa hapa. Lakini limejaa."

Akaingia chumbani kwake, kile cha uani chenye dirisha linalotazama magari.

Juma lile hakusema na mtu. Aliiosha Pijo kila asubuhi, akapangusa vioo, akapima maji na oili. Bosi akadhani kimya ni kukubali, akafurahi, akaanza hata kumpigia mluzi akipita. Mnunuzi alikuwa aje Jumamosi.

Ijumaa mchana akaja fundi cherehani, mama wa mtaa wa pili. Binti yake alikuwa anaolewa kesho yake. Waliagiza Pijo zamani, na sasa Bosi amewapigia simu kuwaambia itakuja Benzi.

"Benzi ndiyo nini?" akasema yule mama, mikono kiunoni. "Mimi ulinipeleka wewe, kwa Pijo, na nilikuwa natetemeka mwili mzima, ukanisimulia vichekesho njia nzima mpaka nikashuka nacheka. Nataka mwanangu ashuke anacheka. Unakuja au huji?"

Bi Gia akaitazama Pijo. Gari lilikuwa limeshauzwa kwa maneno. Mtu mwenye busara angesema samahani, mambo yamebadilika.

"Saa nne nitakuwa mlangoni kwenu," akasema.

Mpango wake ulikuwa mwepesi: aamke mapema kuliko wote, achukue ufunguo unaotundikwa msumarini, aondoke. Alipoamka, msumari ulikuwa mtupu. Bosi hakuwa mjinga kiasi hicho. Ufunguo alilala nao mfukoni.

Bi Gia alikaa kitandani, mikono mapajani. Hapo ndipo alipokaribia kuvunjika. Alifikiria binti wa fundi cherehani amesimama mlangoni na maua yake, alifikiria nyundo kwenye bati jeupe la Pijo. Avae au asivae? Akavaa. Shati jeupe, sketi nyeusi, viatu vya kuendeshea visivyo na kisigino. Akatia bunda la utepe wa kupambia gari kwenye mkoba. Kama gari linakwenda kufa, alijiambia, basi limwone dereva wake amevaa.

Mnunuzi akaja asubuhi na mapema, mtu mnene mchangamfu mwenye kofia ya kapelo. Geti likafunguliwa. Benzi haikuwapo, ilikuwa bado juu ya vigogo kwenye gereji ya Fundi Spana ikingoja ekzosi, na Bosi alikuwa ameahidiwa itakuwa tayari kabla ya saa ya harusi. Mama yao akatolewa kiti akaketi karibu na mlango wa jikoni. Na Bosi, kwa maringo yote, akatoa ufunguo mfukoni, akaingia kwenye Pijo aitoe.

Injini ikawaka mara moja. Bi Gia, nyuma ya dirisha, akasikia klachi. Kisha akasikia *grrraaa*.

Akakunja uso, maana ilimuuma yeye kwenye meno.

*Grrraaa*, tena. Bosi alivuta mkono wa gia juu, akaushusha, akautikisa. Gari likaruka mbele likabusu ukuta, likazimika. Akaliwasha. Mnunuzi akampa ushauri. Hakuna anayetoa ushauri mwingi kama mtu ambaye hajawahi kufanya hiyo kazi. "Vuta kwako! Sukuma! Hapana, kwanza juu!" Bosi akavuta kwa nguvu zake zote, pakalia kitu *kkah*, na mkono wa gia ukakwama kabisa, haupandi haushuki. Gia mbili kwa mpigo.

Wakajaribu kusukuma. Mnunuzi akishika mlango mmoja, Bosi akishika wa pili, wanasukuma gari lililofungwa gia, kwenye zege linalopanda. Viatu viliteleza, kofia ya mnunuzi ilianguka mferejini, Pijo haikusogea hata unyayo. Bosi akamkimbilia Fundi Spana. Alirudi peke yake. Fundi alikuwa amemjibu kutoka chini ya Benzi kwamba yeye alikuwa mwamuzi, hukumu yake ilikataliwa, sasa waendelee na yao.

Mama alikuwa akitazama haya yote. Mwanawe wa kiume ameloa jasho mbele ya ukuta, ufunguo wa gari uko mkononi na gari halimtambui. Kitu kikamjia yule mzee, maana alianza kutikisika mabega.

"Mama, unacheka nini?"

"Namkumbuka baba yenu," akasema. "Alivyokuwa akisema. Mwizi hana muda wa kutafuta rivasi."

Bosi akawa mwekundu wa macho. Mama akafuta machozi ya kicheko, au pengine hayakuwa ya kicheko yote, akageukia dirisha la uani akaita kwa sauti ambayo hakuitumia siku nyingi:

"Mwanangu! Njoo uwatolee gari!"

Bi Gia akatoka. Mkoba begani, shati limenyooka. Bosi alipomwona amevaa vile alishtuka kidogo, lakini shida haina adabu.

"Dada, tafadhali, itoe tu getini. Mwenzetu ana haraka."

"Niitoe?"

"Itoe, dada yangu."

Akafungua boneti. Akaingiza mkono mahali anapopajua hata akiwa amefumba macho, akaishika mikono midogo ya gia, akairudisha mmoja kisha wa pili. Ikalia *tik*. Akafunga boneti, akajifuta mikono kwa kitambaa, akaketi kwenye kiti kilichokwisha kuzoea mgongo wake. Akanyoosha kiganja dirishani. Bosi akaweka ufunguo humo.

Akawasha. Klachi mara mbili. Akavuta mkono wa gia kifuani, akauinua kidogo, akangoja. Ukakubali.

"Njoo!" mnunuzi akapaza sauti, mikono juu, amefurahi kweli. "Njoo, njoo, kata kulia, njooo!" Pijo ikapanda zege kinyumenyume, ikapita mbele ya kiti cha mama, ikapita geti, ikatoka barabarani, ikageuza pua. Bosi akapumua. Akaja mpaka dirishani, mkono mbele.

"Ahsante, dada. Haya, shuka. Lete ufunguo."

Bi Gia akatia ya kwanza.

"Nishuke niende wapi? Kuna mtu ananingoja na maua."

"Dada! Tulikuita uitoe tu!"

"Si nimeitoa?"

"Gari limeshauzwa! Wewe! Nitakuja kulichukua huko huko!"

"Njoo," Bi Gia akasema, na sasa sauti haikutetemeka hata kidogo, mtaa mzima ulimsikia. "Benzi yako ina farasi mia moja thelathini na sita. Mimi ninao tisini na sita tu. Nikamate!"

Akaachia klachi. Kwenye kona ya duka la vioo vikombe vilisimama hewani, akatia ya pili.

Bosi alibaki katikati ya barabara. Mnunuzi alikuwa anaitafuta kofia yake mferejini. Kutoka kwa Fundi Spana ilisikika nyundo ikigonga ekzosi, taratibu, bila haraka yoyote. Bosi akageuka akamtazama mama yake.

"Unanitazama nini mimi?" mama akasema. "Farasi si unao?"